Kifuniko Kimoja kwa Kila Tangi

2 Machi

Wifi yangu mkunga amenipa daftari hili. Ni la zahanati, lile la kuandikia joto la wagonjwa, kila ukurasa una safu mbili, asubuhi na jioni. Amesema, "Wifi, wewe mvua ikinyesha siku mbili unagombana hata na spana. Andika humu, umwache kaka yangu apumue." Nimecheka, ila hajakosea. Mvua imeanza jana alasiri na tayari nimehamisha kabati la vipuri mara mbili bila sababu yoyote.

Haya, niandike. Mimi ni fundi wa pikipiki, huu mwaka wa kumi na tisa. Karakana yangu ina bati juu, ukuta upande mmoja, na pande zilizobaki ni turubai. Mume wangu ni msimamizi wa pampu kwenye kituo cha mafuta, hatua mia mbili kutoka hapa. Kijiweni, kwa madereva wa bodaboda, wanamwita Bwana Kipimo, maana hajui kusema "karibu nusu". Mimi wananiita Fundi, basi, kana kwamba mji mzima hauna mwingine.

3 Machi

Mvua. Minyororo miwili, breki moja. Bati linapiga kelele mpaka nasahau nilichokuwa nawaza.

6 Machi

Nimechanganya dawa ya msimu. Marehemu mwalimu wangu ndiye aliyenifundisha: spiriti nyingi, oili kidogo, kifuniko kimoja cha chupa kwa kila tangi linapojazwa. Wakati wa mvua maji hupenya kwenye tangi kwa mfuniko, kwa umande, kwa uzembe wa mwenye pikipiki. Spiriti huyashika maji hayo yakaungua pamoja na petroli, yakatokea kwenye ekzosi bila mtu kujua. Miaka kumi na tisa sijawahi kurudishiwa pikipiki kwa sababu ya dawa yangu. Kila anayetengenezewa kwangu huondoka na kichupa chake, na dereva akikosa huja kuniomba kama mtoto anayeomba andazi.

Spiriti nilikuwa nachukua kwa fundi wa vanishi, ile kali anayoyeyushia rangi ya kabati. Mwaka huu kafunga duka, kaenda kumuuguza mama yake. Nimepata katoni nzima kwenye duka la dawa. Nyeupe, safi, chupa zina lebo nzuri. Shida ni kwamba oili haitaki kushikana nayo, inaelea juu. Bila shaka ni oili mbaya, nimeletewa takataka. Nimewaambia watu watikise sana kabla ya kuweka.

9 Machi

Nimegombana na Bwana Kipimo mezani. Si ugomvi mpya. Mwenyekiti wa kijiwe, tunayemwita Moshi kwa heshima ya pikipiki yake, alilalamika kwamba mlima umekuwa mzito. Nikamwambia aache mafuta ya kawaida, aweke ya tisini na tano. Habari ikafika nyumbani kabla yangu.

"Umemwambia Moshi aweke ya tisini na tano?"

"Ndiyo. Yana nguvu."

"Mama, namba ile si nguvu. Ni uvumilivu. Ni mafuta yanayokubali kubanwa sana bila kulipuka kabla ya wakati wake. Injini ya Moshi haibani kiasi hicho. Ya kawaida inamtosha kabisa."

"Wewe unashika bomba, mimi nashika injini."

Akanywa maji yake, akaweka glasi palepale ilipokuwa, kwenye duara lake la unyevu. Mtu akinyamaza namna hiyo mimi huwashwa mwili mzima.

11 Machi

Mvua.

14 Machi

Pikipiki nne zimezima njiani leo. Nne! Zote za kijiwe, zote zimeletwa kwa kusukumwa, wenyewe wamelowa hadi soksi. Nimefungua bakuli la kabureta la kila moja, chini mna maji. Moshi anasema yake ilikwenda vizuri mpaka alipofungulia riziva, yale mafuta ya akiba yanayolala chini ya tangi, ikakohoa mara mbili ikafa.

Nimemwaga, nimepuliza, nimewarudishia. Nimewaambia waongeze dawa: vifuniko viwili badala ya kimoja.

15 Machi

Tatu nyingine. Mikono yangu inanuka mafuta na ile harufu ya chumba cha sindano. Nimenawa mara tano.

17 Machi

Sita. Sasa nimekasirika kweli. Wote wanajaza mafuta kituo kimoja, na kituo hicho ni cha mume wangu. Sikupenda kuwaza hivyo, lakini nimeshawaza.

Adhuhuri kijiwe kizima kilijikinga mvua kwangu, watu kumi au zaidi. Moshi akaniuliza waziwazi, "Fundi, sema kweli. Tatizo ni nini?" Nikainua bakuli la kabureta wakaona maji yanavyocheza ndani. Nikasema, "Haya hayakutoka mbinguni. Haya yametoka kwenye pampu." Nilipogeuka nikamwona Bwana Kipimo amesimama pale turubai linapoishia, mkononi kopo la chakula changu nililolisahau nyumbani. Akaliweka juu ya tairi. Akaondoka bila mwavuli.

Chakula sikukila.

18 Machi

Bwana Kipimo kaniita kituoni kabla hakujafunguliwa. Akapaka ile dawa yake ya kupimia kwenye ncha ya fimbo, ile ambayo ikigusa maji hubadilika rangi, akaizamisha kwenye tangi la chini. Akaitoa. Rangi ileile.

"Kila asubuhi nafanya hivi," akasema. "Mvua isinyeshe, inyeshe. Hakuna maji humu."

"Na hiyo dawa umepewa na nani?"

"Na mwenye kituo."

"Basi."

"Basi nini?"

"Mwizi hakupi tochi ya kumtafutia, mume wangu."

Akaifuta fimbo taratibu, kutoka juu mpaka chini. Sikumwita yeye mwizi. Ila sikusema pia kwamba simwiti.

19 Machi

Chupa yangu ya jamu, ile ya mdomo mpana ninayowekea chumvi, haipo. Chumvi nimeikuta kwenye kikombe. Nyumba hii ina watu wawili tu na mmoja si mimi.

Mchana Bwana Kipimo kaja karakana, kasimama mlangoni, mkono mmoja ndani ya koti la mvua. Nilikuwa nawaeleza wageni wawili kuhusu maji ya kituo. Nikaendelea kueleza, tena kwa sauti, nikidhani kaja kunibembeleza ninyamaze. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka akaenda zake.

20 Machi

Amenyamaza. Simaanishi ule unyamavu wake wa kawaida. Nimemwambia tena habari za pampu, nikasubiri anibishie, akasema tu, "Inawezekana." Mume wangu ambaye hubishana na saa ya ukutani! Mwenye hatia hunyamaza. Moyo umeniuma kuliandika, lakini daftari ni la kupima joto, na joto ndilo hili.

22 Machi

Bwana Kipimo alikuja kunisaidia kufagia maji yaliyoingia, akaziangusha chupa mbili za dawa. Mtu ambaye hajawahi kumwaga hata chai. Nikamwambia mikono imeanza kuzeeka. Akaniomba radhi.

24 Machi

Nimejaribu mwenyewe, nisije nikaambiwa nasingizia. Nimekwenda kituoni na kopo langu, nimenunua petroli, nimeiacha itulie kutwa nzima rafuni. Chini hakuna kitu. Safi kama machozi.

Bila shaka waliniona nikija. Wana tangi la fundi na tangi la wengine.

25 Machi

Mvua. Nimehamisha kabati la vipuri.

28 Machi

Wifi kapita pikipiki yake ifanyiwe huduma. Ni ya zahanati, ndiyo inayompeleka kwa akina mama wanaojifungua huko juu ng'ambo ya daraja, na haruhusu mtu mwingine aiguse ila mimi. Nimembadilishia plagi, nimemkazia breki. Hajawahi kutumia dawa yangu, kaka yake alishamwambia injini haihitaji uganga. Leo nimemtilia kwa mkono wangu, kisha nikampa kichupa. "Vifuniko viwili kila ukijaza," nimemwambia. "Na mafuta ya huko kwa kaka yako siku hizi, bora vitatu."

"Mnanichanganya nyie wawili," akasema. Lakini kichupa alikichukua, maana ananiamini.

2 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nimetembea karakana nzima, ukuta mpaka turubai, sijui mara ngapi, ndipo nikakaa kuandika.

Asubuhi wifi kaitwa ng'ambo ya daraja. Mama wa mtoto wa kwanza, uchungu ulianza alfajiri, ukaenda haraka kuliko walivyotarajia. Wifi kawasha pikipiki, kavuka daraja, kaanza kupanda. Katikati ya mlima pikipiki ikakohoa. Akafungulia riziva. Ikaenda labda hatua ishirini, ikafa kabisa. Akapiga kiki mpaka goti likavimba. Akaisukuma mpaka matope yakamshinda. Mwishowe akailaza mtaroni, akajitwika mkoba wa kazi, akapanda mlima kwa miguu mvua ikimpiga usoni. Saa nzima.

Alipofika mtoto alishazaliwa, kapokelewa na mkwe wa yule mama. Kondo la nyuma lilikuwa halijatoka, na damu haikatiki. Wifi anasema godoro lilikuwa limelowa upande hadi upande. Kamchoma sindano, kamkanda tumbo kwa mikono miwili, kamshikilia vile mpaka wanaume wa jirani walipong'oa mlango wakamlaza juu yake wakamteremsha. Yuko hospitali. Yu hai, lakini wameshamwongeza damu mara mbili na bado hajui alipo.

Wifi aliniletea pikipiki jioni, imebebwa nyuma ya gari la mchanga. Sijawahi kumwona vile. Mkunga yule, ambaye huimba akifua nguo zenye damu, alikaa juu ya tairi, mkoba wa kazi bado begani.

"Nilijaza juzi kwa kaka," akasema. "Tangi lote, na dawa yako nikaweka. Wifi, niambie ni nini."

Nikafungua bakuli la kabureta mbele yake. Maji. Nikafungua bomba la tangi, yakatoka maji tena, robo glasi kabla petroli haijafuata.

Ulimi hauna mfupa. Nilisema, "Kaka yako ataua mtu."

Akainuka. Akaenda moja kwa moja kijiweni, nikamsikia kutoka hapa, akiwaambia kwa sauti ya kilio kwamba kaka yake nusura amuue mzazi.

3 Aprili

Saa mbili asubuhi kijiwe kilifunga kituo. Pikipiki zimelazwa kwa upana mbele ya pampu zote, honi juu. Nilikwenda na spana bado mkononi, sijui nilidhani nitaifanyia nini.

Bwana Kipimo alitoka na fimbo yake. Akaipaka dawa, akaizamisha, akaitoa, akaizungusha wote waone. Hakuna aliyetazama fimbo. Walikuwa wananitazama mimi. Mke wa mtu akisimama upande wa pili, nani atatazama fimbo?

Mwenye kituo alifika na gari lake, kashuka kashika tumbo kama anayeumwa. Ni mtu mzima asiyependa kelele. Akasikiliza, akasema lazima mtu awajibike, na mwenye funguo za matangi ni mmoja. Kisha akamgeukia mume wangu, tena kwa upole, "Una la kusema?"

Mume wangu akanitazama. Alinitazama muda mrefu, nikakaza shingo.

"Sina," akasema.

Akavua kofia ya kazi, akaweka funguo ndani yake, akampa. Miaka kumi na minne. Watu wakashangilia, mmoja akanipiga begani, "Fundi, wewe ni jasiri." Nilirudi karakana nikahamisha kabati la vipuri.

5 Aprili

Yuko nyumbani. Kaziba bati linalovuja, kakaza mlango wa choo, kanoa visu vyote. Anasema asante nikimwekea chai. Natamani anitukane.

7 Aprili

Anaamka saa kumi na moja kama kawaida, anavaa, anakaa kitandani. Halafu anavua.

9 Aprili

Kituoni yuko mtu mpya. Mwenye kituo kamwaga tangi zima, kaleta mafuta mapya, watu wameshuhudia. Leo pikipiki tano zimezima. Moshi kaja anasukuma, kaniangalia kwa jicho ambalo sikulipenda.

"Fundi, mumeo si hayupo tena? Sasa haya maji kayaacha kwenye mabomba?"

Nikamwambia huchukua muda kutoka. Uongo wangu nimeusikia kwa masikio yangu mwenyewe.

11 Aprili

Wifi kaja kuchukua pikipiki. Yule mama kaanza kukaa na kunywa uji. Tukashukuru. Wifi alikuwa na grisi mkononi, akaona katoni yangu chini ya meza, akachukua chupa, akajimiminia, akasugua kiganja kwa kiganja hadi vidoleni kama wafanyavyo wao.

"Kumbe na wewe unatumia hii. Nzuri, haichubui."

"Hiyo ndiyo naichanganyia dawa ya tangi."

Akaacha kusugua. "Hii?"

"Ndiyo. Kali, si umeona? Sabini."

Akaigeuza lebo, akaisoma kana kwamba hajapata kuiona. Sabini mimi nilidhani ni namba tu ya ukali, kama zile za kwenye pampu. Kubwa ni kubwa.

"Wifi," akasema polepole, "sabini ni spiriti. Thelathini inayobaki ni nini?"

"Sijui. Manukato?"

"Maji. Tena yanatiwa makusudi. Spiriti tupu hukauka upesi kabla haijaua vijidudu. Hiyo sisi tunafundishwa wiki ya kwanza."

Bati lilikuwa linapiga kelele lakini sikulisikia tena. Nilichukua glasi, nikatia petroli, nikatia kifuniko cha dawa. Nikatikisa. Nikaweka mezani. Tukatazama wote wawili vichwa vimegusana. Kitu kikaanza kushuka, matone kwa matone, kikajikusanya chini ya glasi, kikalala pale. Nikaongeza kifuniko cha pili, kama nilivyowaagiza. Kikanenepa. Msimu mzima, kila walipojaza, niliwatilia maji kwa mkono wangu, yakalala chini ya tangi yakisubiri riziva. Walipozima nikawaongezea.

Wifi akakaa juu ya tairi lilelile. "Nilimwita kaka yangu muuaji," akasema. "Mbele ya watu."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kusema."

Nilikwenda nyumbani. Nilitaka ile chupa ya jamu, ile ina kioo cheupe zaidi, nimwonyeshe mwenyewe. Yeye alikuwa nje anachimba mtaro wa maji. Nilitafuta jikoni, nikatafuta kabatini, mwishowe nikapapasa koti lake la mvua lililotundikwa nyuma ya mlango. Ilikuwa mfukoni. Ndani petroli juu, maji chini, mstari katikati umenyooka kama umepigwa kwa rula. Na kipande cha utepe ubavuni, kwa mwandiko wake ule wa kubana:

Tangi la kituo peke yake: safi. Tangi la kituo na kifuniko kimoja cha dawa: maji. 19 Machi.

Nimekaa chini nyuma ya mlango. Siku ile aliposimama mkono ndani ya koti, alikuwa ameishika hii.

12 Aprili

Nimemwekea ile chupa ya jamu mezani, kando ya chai yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia. Ukawa unahubiri."

"Jioni je? Kesho yake je? Tunalala kitanda kimoja!"

"Nilifikiri chupa zitaisha, fundi wa vanishi atarudi, mambo yatapita. Mbili nilizimwaga mwenyewe."

"Na pale kituoni? Alikuuliza una la kusema!"

Akaizungusha chupa kidogo, mstari ukayumba ukatulia. "Mimi nikikosa pampu hii nitashika nyingine. Bomba ni bomba. Wewe wakiacha kukuamini siku moja, miaka kumi na tisa imekwenda. Hakuna anayempelekea pikipiki fundi aliyeziua." Kisha akasema, "Kosa langu ni dada. Sikujua kwamba na yeye ulimpa. Ningejua, ningepiga kelele mpaka bati ling'oke."

Nimelia kama mjinga. Ndoa ya miaka mingi hivi, na mimi nikasoma ukimya wake kama hatia. Yeye ni mafuta ya tisini na tano, unambana na kumbana, halipuki. Mimi nalipuka hata kabla ya kuguswa.

Nikamwambia nakwenda kusema. Akasema nisiende. Akasema akiwa amesimama, kwa ukali ambao sikuutegemea, "Nilikuwa nimeshalimeza! Unataka kulitapika ili iwe nini?"

"Ili kila mtu ameze kosa lake. Hili ni langu."

13 Aprili

Nimesema. Kijiwe kizima, asubuhi, mvua imepumzika. Niliwaonyesha chupa, nikatia petroli mpya na dawa mbele yao wakaona yanavyoshuka. Nikasema kituo hakikuwa na kosa, mume wangu hakuwa na kosa, mzazi wa ng'ambo ya daraja alivuja damu kwa mkono wangu.

Moshi akasema, "Kwa hiyo mimi mwezi mzima nimeendeshea dawa ya kunawia mikono?"

"Ndiyo."

"Basi injini yangu haina vijidudu."

Walicheka. Si wote. Mmoja wao, mrefu asiyependa maneno, alikuja mpaka karakana, akaishusha pikipiki yake kutoka kwenye stendi, tairi la nyuma bado halijakazwa, akaisukuma akaenda nayo vilevile. Nilimwita. Hakugeuka, na sikumlaumu.

Kwa mwenye kituo nilikwenda peke yangu. Alinisikiliza ameshika tumbo. Akasema, "Wewe mama umeniletea fujo, sasa umeniletea aibu." Akasema atafikiri.

16 Aprili

Nimemwaga matangi ishirini na mawili. Wengine wamekuja, wengine wamepeleka zao kwingine. Katoni yote nimempa wifi, mahali pake ni zahanati.

18 Aprili

Wifi kanipeleka kwa yule mzazi. Amerudi kwake, mlango wao umesharudishiwa bawaba. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza akinyonyesha, hakunikatiza. Hakusema amenisamehe. Alisema mtoto hulala mvua ikinyesha, ikikatika anaamka.

19 Aprili

Fundi wa vanishi karudi. Kaniletea spiriti ile kali bila kuombwa. Nimemrudishia.

21 Aprili

Mwenye kituo kamwita mume wangu arudi kazini. Kofia, ufunguo wa pampu namba mbili, chini ya yule mpya. Usimamizi baadaye, akipenda. Yeye kasema sawa. Mimi nilitaka kwenda kugomba kuhusu usimamizi, wakanikalisha yeye na dada yake, mmoja kila bega.

24 Aprili

Leo jua. Karakana kimya, kazi mbili tu tangu asubuhi, nikahamisha kabati la vipuri, halafu nikalirudisha. Nikachukua pikipiki yangu nikaenda kituoni, nikapanga foleni kama watu wengine.

Siku hizi kila anayefika pampu namba mbili, Bwana Kipimo anatia kwanza kidogo kwenye ile chupa ya jamu, anainua juu mteja aone, ndipo anajaza. Hakuambiwa na mtu. Foleni inachelewa, wanamlalamikia, hasikii.

Zamu yangu ikafika. Akaniuliza kama anavyouliza wote, uso mkavu, "Fundi, ya kawaida au ya tisini na tano?"

"Chagua wewe."

Moshi alikuwa nyuma yangu, nikamsikia akiguna. Miaka yote hii sijawahi kumwachia mtu kuchagua, hata yeye, hasa yeye. Akachukua bomba la kawaida. Akatia kidogo kwenye chupa, akaiinua kwenye jua baina yetu.

"Tazama."

Nikafungua tangi, nikamtazama yeye usoni. Nikamwambia ajaze tu.

Alijaza mpaka mstari, si juu yake si chini yake. Nikafunga mfuniko, nikapiga kiki mara moja, ikawaka.